Mshale

Lilianza kukohoa Usagara, kwenye kipandio,
watoto wamelala, magunia mawili ya viazi nyuma.
Moshi mweupe, mzito,
wenye harufu ya sufuria iliyosahauliwa motoni.
Likavuta, likavuta, likanyamaza.
Magesa akafungua boneti, akasema, "Ni maji tu."
Mwaka mzima huu imekuwa ni maji tu.

Fuso la mchanga lilituvuta kwa kamba mpaka Igoma,
kwa Lubango, nyuma ya wauza mabati.
Lubango hakuuliza gari lina nini.
Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa,
akakifuta kwa kidole gumba,
akanionyesha mimi, si mume wangu:
oili imekuwa chai ya maziwa.
"Shemeji, humu maji na mafuta wameoana
na hakuna aliyetangaza ndoa."

Akafungua rejeta. "Piga starta."
Yakaja mapovu, moja, mawili, kisha mfululizo,
kama maharage yanayokaribia kuiva.
"Silinda inapumulia kwenye maji.
Ni gasketi, au ni hedi. Tuombe iwe gasketi."

Haikuwa gasketi.

Siku ya tatu hedi ilikuwa mezani, nyeusi,
imelazwa kama mbuzi wa kuchunwa.
Akasimamisha rula ya chuma juu yake,
akamulika tochi upande wa pili,
na mwanga ukapenya chini ya rula. Imepinda.
Na kati ya vali mbili za silinda ya tatu, ufa,
mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.
Mimi nimekulia Mabatini. Nimelala miaka mingi
juu ya jiwe lililopasuka, na nyumba haikuanguka.
Nikamwuliza, huu nao hauwezi kukaliwa?
"Jiwe halichemki, shemeji."

Kisha akamwaga kilichokuwa ndani ya rejeta
kwenye kopo la rangi: tope, mchanga wa ziwa,
kipande cha mzizi wa gugu maji.
Ndoo kwa ndoo, kila tulipofika ufukweni,
Magesa alichota na kujaza.
Na mwisho, bila haraka, akavuta waya.
Mfupi, wa kijani, ncha yake safi.
"Huu haukukatika. Umekatwa.
Ni waya wa mshale wa joto. Nani alikata?"

Magesa alikuwa amekaa juu ya tairi bovu
akisoma maandishi yake kama barua.
Nikaikumbuka Pasaka, mlimani, mimi nikisema
umepanda, baba Nyamizi, umepanda, simama.
Tangu mwezi wa tano haukupanda tena.
Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa ajili ya mshale ule.

"Ulikuwa unakuogopesha," akaliambia tairi.
Lubango akapangusa spana.
"Umemziba mdomo shahidi, kaka. Kesi ikaendelea."

Hedi ya mtumba ilikuja na basi la usiku kutoka Dar,
imeviringishwa kwenye gunia la mkaa.
Ada ya Nyamizi ya muhula ilikuwa ndani ya gunia hilo.
Nilisimama kuangalia ikifungwa:
kuanzia boliti za katikati, kwenda nje,
kidogo kwanza, kisha zaidi, kisha mpaka mwisho,
namna unavyomfunga mtoto mgongoni,
hukazi upande mmoja ukasahau wa pili.
Waya wa kijani akauunga wa mwisho,
akaupinda juu ya bomba, pale mtu anapouona.

Jumamosi tukarudi kwenye kipandio kilekile.
Hakuna aliyewasha redio.
Mimi nilitazama nje, kwa makusudi,
wauza mananasi, mbuzi, chochote.

"Mama Nyamizi," akasema. "Umepanda kidogo."

Akaegesha. Akaiacha injini ingurume taratibu,
mikono yake yote miwili juu ya usukani.
Nyamizi akaamka, akauliza kama tumeharibikiwa tena.
Nilikuwa na karanga kwenye khanga.
Nikaanza kuzimenya, nikampa baba yake za kwanza.